Mashine ya CD ya Shilingi 260,000: Thamani Iko Wapi?

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, ambaye tumefundisha pamoja kwa miaka kumi na minne, alinijia ofisini akiwa na fomu mkononi. Alikuwa ameazimia kuchukua mkopo wa shilingi 260,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo, aulipe kwa miezi 36, na alitaka niwe mmoja wa wadhamini wake. Nilipomwuliza kama mwanawe ameitwa chuo kikuu, au kama paa la nyumba limeng'oka, alitabasamu kwa haya. Akaniambia kwamba fedha hizo ni za kununulia mashine ya kuchezea CD.

Nakiri kwamba nilicheka. Hata hivyo, kicheko kilinikauka upesi. Kwanza, mdhamini si shahidi wa harusi. Mkopaji akishindwa kulipa, akiba ya mdhamini ndiyo inayoliwa. Pili, mwenzangu huyu si mtu wa anasa. Hufundisha Kiswahili na muziki, suruali zake za kazini nazijua kwa hesabu, na kila shilingi aliyoibakiza kwa miaka mingi ameitumia kununua CD za taarabu, za kwaya na za piano.

"Mwalimu," aliniambia, "nimefundisha watoto wa watu kusikiliza kwa miaka ishirini. Mimi mwenyewe sijausikia muziki huo kama ulivyopigwa, hata siku moja. Nataka niusikie kabla masikio hayajachoka."

Maneno hayo yalinichoma. Mwenye duka, ambaye huuza mitambo iliyokwisha kutumika Ulaya, alikuwa amemruhusu kukaa na mashine hiyo kwa juma moja baada ya kuweka amana. Ijumaa iliyofuata angepaswa ama kuirudisha ama kulipa. Nikamwomba aniruhusu niisikie kwanza ndipo nitie sahihi.

Jumamosi nilikwenda kwake. Mashine ilikuwa mezani, nyeusi, nzito kiasi cha kuhitaji mikono miwili, na kando yake ilikaa ile yake ya zamani, ya plastiki, aliyoinunua kwa shilingi 7,000. Aliucheza wimbo mmoja kwenye ile ya zamani, kisha akaucheza uo huo kwenye ile ya kifahari. Wallahi nilisikia tofauti. Udi ulikuwa karibu zaidi, mwimbaji alisikika akivuta pumzi, na nilihisi kana kwamba pazia limeondolewa baina yangu na wapigaji. Nilipomwambia hivyo, macho yake yalilengalenga machozi. Nusura nitie sahihi pale pale.

Lakini njiani nikirejea nyumbani swali moja lilinikera: je, nilisikia kwa masikio au kwa macho? Nilijua ni ipi iliyo ghali kabla ya sauti ya kwanza kutoka. Mwanafunzi akinijia na jibu la namna hiyo katika maabara, ningempa alama ngapi?

Ili tuelewane, yafaa nieleze kwa ufupi CD hufanya kazi vipi. CD ni matunda ya ushirikiano wa kampuni ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mashine ya Sony CDP-101 ilianza kuuzwa nchini Japani tarehe 1 Oktoba 1982 kwa bei ya yeni 168,000. Santuri huhifadhi muziki katika mfuo unaofuatwa na sindano, ilhali CD huhifadhi nambari. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huwa kimojawapo cha viwango 65,536. Nambari hizo huchapwa kwa vishimo vidogo mno katika mstari mmoja unaozunguka kutoka ndani kwenda nje, na mwali wa leza huzisoma bila kuzigusa.

Vumbi na mikwaruzo midogo aghalabu haviharibu kitu, kwa sababu nambari za muziki hufuatana na nyingine za kusahihishia makosa, kwa kanuni iliyotokana na kazi ya wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, ya mwaka 1960. Basi CD ikiwa nzima, mashine ya shilingi 7,000 na ile ya shilingi 260,000 husoma nambari zile zile. Ni kama wanafunzi wawili wanaonakili hesabu moja kutoka ubaoni, mmoja kwa kalamu ya dhahabu na mwenziwe kwa kalamu ya plastiki. Wino ni mbalimbali, lakini hesabu ni ile ile.

Tofauti yaweza kuzuka baadaye, pale nambari zinapogeuzwa kuwa umeme wa kuendea kwenye amplifaya. Katika miaka ya mwanzo jambo hilo halikuwa porojo. Mashine za kwanza za Philips zilitumia kigeuzi cha biti 14 kilichosaidiwa na ujanja wa hesabu, ilhali Sony ilitumia cha biti 16, na wahandisi walibishana juu ya ipi iliyo bora. Tangu wakati huo vigeuzi vizuri vimeshuka bei mno, hata vimo katika vyombo vya bei ndogo.

Je, vipimo 44,100 vyatosha? Mwanahisabati Claude Shannon wa Marekani alithibitisha katika makala yake ya mwaka 1949 kwamba wimbi laweza kurejeshwa kikamilifu iwapo litapimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa. Sikio changa la binadamu hukomea karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sikio la mwalimu aliyepita miaka hamsini hukomea chini zaidi, na mwenzangu na mimi tumeipita.

Nikiwa na hayo moyoni, Jumapili nilirudi kwake na mita ya volti niliyoiazima katika maabara ya fizikia. Tulicheza mlio mmoja usiobadilika kwenye kila mashine na kupima umeme uliofika kwenye spika. Kumbe ile ghali ilitoa umeme zaidi kwa sehemu moja kwa kumi! Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwani sauti ikizidi kidogo tu, sikio haliambii akili kwamba imezidi, bali huiambia kwamba ni nzuri zaidi. Tukaweka alama mbili za chaki kwenye kitufe cha amplifaya, moja ya kila mashine, hata mita ikasoma sawasawa.

Kisha tukampa kazi binti yake, ambaye yuko kidato cha tatu. Kwa bahati, mwenzangu alikuwa na nakala mbili za CD moja ya kwaya. Binti aliketi nyuma yetu, akatandaza leso mbele ya mashine zote mbili, na kila mara akarusha sarafu kuamua ipi isikike. Tulikubaliana raundi 20, kila mmoja wetu aandike jibu lake kimya kimya. Mtu anayebahatisha atapata kama 10. Kupata 15 au zaidi kwa kubahatisha hutokea kama mara 2 tu katika kila mara 100, kwa hivyo 15 ndiyo iliyokuwa alama yetu ya kupita.

Mwenzangu alipata 11. Mimi nilipata 9.

Lililonifedhehesha zaidi ni kwamba katika raundi ya sita nilikuwa nimeandika kando ya jibu langu, "Hii bila shaka ndiyo ghali." Ilikuwa ile ya plastiki. Ile pazia niliyoiona ikiondolewa Jumamosi, kumbe niliishona mwenyewe na kuiondoa mwenyewe.

Yamkini msomaji atasema kwamba masikio ya walimu wawili si ushahidi. Ni kweli, na ndiyo maana yafaa kutazama ya wengine. Mwaka 2007 jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani lilichapisha utafiti wa E. Brad Meyer na David R. Moran. Walitumia rekodi zenye ubora unaozidi ule wa CD, na kwa siri wakawa mara nyingine wanaipitisha sauti hiyo katika kiwango cha CD kabla ya kuifikisha kwa wasikilizaji, miongoni mwao watu wa kazi hiyo ya kurekodi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani takriban nusu, kama ya mrusha sarafu. Ikiwa kiwango chenyewe cha CD hakikuweza kutambulika kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, sembuse tofauti baina ya mashine mbili nzima zinazokifuata?

Upo pia mfano unaohusu bei yenyewe. Mashine ya Lexicon BD-30, iliyocheza CD pamoja na diski za filamu, iliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,500. Mnamo Januari 2010 wachunguzi walipoifungua walikuta ndani yake mashine ya Oppo BDP-83, ambayo madukani ilikuwa dola 499, ikiwa imevikwa kasha jingine. Mnunuzi alilipa mara saba kwa ajili ya koti.

Hata hivyo, nisiwe mdhalimu. Si kila kitu ghali ni hila. Kampuni ya Linn ya Uskoti iliwahi kuunda mashine ya CD iliyoitwa Sondek CD12, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 iliuzwa kwa takriban pauni 12,000, na kasha lake lilichongwa kutoka katika bonge la alumini. Ufundi wa namna hiyo ni halali, na mwenye uwezo ana haki ya kuupenda kama anavyopenda kiti kilichochongwa vizuri. Mashine aliyoileta mwenzangu nayo ilikuwa na mlango uliotoka na kurudi kimya, kwa utaratibu wa kupendeza, nami ningekuwa mwongo nikisema sikuutamani. Lakini hayo ni thamani ya jicho na ya mkono. Muuzaji akuuziaye hayo kwa jina la sikio anakupunja, hata kama kila parafujo ni ya daraja la kwanza.

Tena kuna umri. Leza ya mashine ya CD huchoka kwa kazi, na mashine isiyopata leza nyingine hugeuka pambo. Linn yenyewe ilitangaza mwaka 2009 kwamba itaacha kabisa kutengeneza mashine za CD. Mwenzangu alipompigia simu mwenye duka kuuliza kama leza ya akiba inapatikana, alijibiwa kwamba mashine kama hizo haziharibiki. Jibu hilo peke yake lingetosha kuturudisha nyuma.

La mwisho ni kwamba hakuna mashine iwezayo kutoa kisichokuwemo. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, vyombo vya wakati ule vilinasa vilichoweza kunasa. Mchakacho unaosikika katika rekodi hizo, na uzito wa sauti yake uliopotea njiani, haviwezi kurekebishwa na kasha la alumini. Kinachoweza kubadilisha sana tunachosikia nyumbani ni spika, mahali zilipowekwa, na chumba chenyewe, chenye kuta tupu na sakafu ya saruji.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu waziwazi kwamba sitatia sahihi. Nilimwambia pia kwamba akiomba mkopo mdogo wa kununulia spika nzuri, nitakuwa wa kwanza kumdhamini. Alinyamaza. Kwa siku mbili tulipishana katika ukumbi wa walimu tukisalimiana kama wageni, nami nilianza kujuta, si kwa sababu ya hoja zangu, bali kwa sababu nilijua nilichokuwa nimemnyang'anya. Hakutaka chuma. Alitaka kuusikia muziki wake kabla ya uzee kumfikia, na mimi nilikuwa nimemjibu kwa mita ya volti.

Alhamisi aliirudisha mashine na kurudishiwa amana yake. Juma lililofuata alinijia na fomu nyingine, ya shilingi 60,000. Nikaitia sahihi.

Juzi alinialika. Spika mpya zilikuwa zimesogezwa mbali na ukuta, mapazia mazito yametundikwa, na mkeka umetandazwa sakafuni. Mashine ilikuwa ile ile ya plastiki. Alipoucheza ule wimbo wa kwaya, shemeji alitoka jikoni akauliza ni nani aliyekuja kuimba. Binti, ambaye sasa ameonja utamu wa jaribio, hakukubali tusifu tu. Alizificha spika mpya na za zamani nyuma ya mapazia, tukasawazisha sauti kwa mita, akarusha sarafu yake mara 20. Baba yake alipata zote 20, nami pia.

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, kila siku twauziwa vitu kwa maneno matamu: dawa za nywele, vitabu vya marudio, simu, hata shule zenyewe. Swali la kuuliza ni moja: lau nisingeona jina wala bei, je, ningeitambua tofauti? Jaribio lake halihitaji maabara. Lahitaji leso, sarafu, na mtu mwaminifu wa kuandika majibu. Tofauti ikisalia, lipa kwa moyo mkunjufu. Isiposalia, nawe bado wakitaka kitu hicho kwa uzuri wake, kinunue pia, mradi ujue unanunua nini, na mradi usimwombe mwenzako adhamini.