Mafiga ni yale yale, sufuria ndiyo hubadilika

MWEZI jana nikiwa Ruiri, Kaunti ya Meru, kijana niliyemfunza Isimu zamani, ambaye sasa anaunda programu za kompyuta, alinisimamisha sokoni. "Prof, tunaandika testi za kila aina, na kila aina tunaifanyia matayarisho yake upya. Dawa ya hii kitu inaitwaje kwa Kiswahili?"

Nilimjibu kwa mfano wa jikoni. Mafiga hupangwa mara moja, kisha juu yake ukachemsha chai, githeri au uji. Hakuna mpishi anayeyang'oa kila anapobadilisha sufuria.

Majaribio ya programu nayo ni ya namna nyingi. Jaribio la kipande hupima sehemu moja ndogo. La muunganisho hupima sehemu zikishirikiana na hifadhidata. La ukurasa hupima anachokiona mtumiaji. Mengi huhitaji watumiaji wa kubuni na rekodi za mfano. Matayarisho yakirudiwa kila mahali, badiliko dogo hudai marekebisho kumi. Ukisahau pamoja, jaribio litapita huku likipima hali isiyokuwapo tena.

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioasisiwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret 2006 chini ya mpango wa AMPATH, una darasa la msingi, yaani kiolezo cha msimbo, linaloandaa hifadhidata ya muda na kuijaza wagonjwa wa kubuni. Majaribio ya moduli na ya wavuti hulirithi. Jaribio likiisha, mabadiliko yake hufutwa ili linalofuata lisikute makombo. Si jambo dogo hili: kosa lisilonaswa hapo laweza kuishia katika faili ya mgonjwa wa kweli.

Hata hivyo, tushiriki kilicho cha wote tu. Jaribio la kipande halihitaji hifadhidata nzima. Kulibebesha ni kuwasha kuni za harusi ili uchemshe yai.

Sasa jina. Wengi husema "kodi ya setapu", ilhali kodi kwetu ni ushuru au pesa za nyumba. Neno "msimbo" lipo. Napendekeza "msimbo wa matayarisho ya pamoja".

"Ni refu, Prof," kijana akalalamika. "Sisi tutasema mafiga."

Sikumpinga. Istilahi hukubaliwa na watumiaji wake, si na maprofesa peke yao.