Figo huchoka kimyakimya, usisubiri dalili

Wagonjwa wengi wa figo hufika hospitali wakilalamikia kitu kingine kabisa. Mmoja amevimba miguu, mwingine huishiwa pumzi akipanda ngazi, wa tatu ana kichefuchefu kisichoisha na ameshameza dawa za malaria na za vidonda vya tumbo bila nafuu. Damu ikipimwa, ndipo inapobainika kuwa figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Kwa nini ziharibike kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua? Jibu limo katika namna zinavyofanya kazi.

Lita 180 kwa siku

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi, na zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Pamoja na udogo wake, hupokea takribani moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani kama lita moja kila dakika.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, vinavyokadiriwa kufika milioni moja. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Maji, chumvi, sukari na taka hupenya. Chembe za damu na karibu protini zote huzuiwa. Kwa njia hiyo lita zipatazo 180 za majimaji huchujwa kwa siku. Hatukojoi kiasi hicho kwa sababu majimaji hayo hupita kwenye kijirija kirefu, na humo karibu kila kinachohitajika hurudishwa kwenye damu. Kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo, na ndani yake mna urea, kreatinini, asidi na chumvi zilizozidi.

Kazi haiishii hapo. Figo husaidia kudhibiti shinikizo la damu, husawazisha potasiamu ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo, na huifanya vitamini D iweze kutumika kuimarisha mifupa. Pia hutoa homoni ya erithropoietini, inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana figo zikidhoofika mtu hupungukiwa damu hata kama anakula vizuri.

Akiba inayoficha ugonjwa

Figo zina akiba kubwa. Mtu mwenye afya njema anaweza kutoa moja na kuishi vizuri na iliyobaki. Lakini akiba hiyohiyo ndiyo huficha ugonjwa. Nefroni zikifa, zilizosalia hubeba mzigo wote na mwili hausikii tofauti. Mzigo huo huzichosha nazo, na zilizokufa haziwezi kuota upya. Hata kreatinini kwenye damu inaweza kuonekana ya kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo imepotea.

Visababishi vikubwa ni kisukari na presha, ambavyo huharibu mishipa midogo ya damu kidogo kidogo kwa miaka. Vingine ni magonjwa ya kinga ya mwili, mawe, tezi dume iliyovimba hadi kuziba njia ya mkojo, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kiholela.

Wengi husubiri maumivu ya kiuno ndipo washtuke. Mara nyingi kiuno huuma kwa sababu ya misuli na mifupa, ilhali figo zinaweza kufa zote mbili bila kuuma hata kidogo.

Zinapofeli

Kuna kufeli kwa ghafla, kunakotokana na kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, kuharisha sana, malaria kali au maambukizi yaliyosambaa mwilini. Mgonjwa akiwahiwa, figo zinaweza kurudi. Kufeli kwa muda mrefu hakurudi nyuma. Uwezo ukishuka chini ya asilimia 15, taka na maji hujaa mwilini, na wengi huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Mashine huondoa taka na maji lakini haitengenezi homoni, kwa hiyo mgonjwa huendelea kuhitaji dawa na chakula maalumu.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Aliyepandikizwa hunywa dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae figo mpya.

Pima mapema

Yote hayo ni mzigo mkubwa kwa mgonjwa na familia, na sehemu kubwa yake huepukika. Mwenye presha asiache dawa kwa kuwa anajisikia nafuu, na mwenye kisukari adhibiti sukari yake. Punguza chumvi, acha sigara, usitumie dawa za maumivu au za mitishamba bila ushauri.

Ikiwa una presha, kisukari au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa figo, mwombe daktari vipimo viwili angalau mara moja kwa mwaka: kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Protini ikionekana mapema, zipo dawa za kupunguza kasi ya uharibifu na kuzipa figo miaka mingi zaidi ya kazi.