Je, Wajua? Taa, Dume kwa Jike

Wajua kwamba kumtambua taa dume hakuhitaji maabara wala kisu? Mkute amelazwa sokoni Mji wa Kale, Mombasa, mgeuze chali, kisha tazama penye shina la mkia. Dume ana vijiti viwili vya nyama, kimoja kila upande, jike hana. Navyo hueleza zaidi ya jinsia. Kwa kijana ni vifupi na hukunjika ukivibonyeza. Akibaleghe, hurefuka na kupita mapezi ya nyuma, ndani yake vikajaa chokaa na kuwa vigumu. Watafiti wa uvuvi kote duniani hutumia njia hiyohiyo ya kubonyeza kwa kidole.

Wajua kwamba kwa taa wengi jike ndiye mkubwa? Anabeba mimba, na mwili mpana humpa nafasi. Basi yule taa mpana anayegombewa mnadani huenda akawa mama mzazi, na pengine ana watoto tumboni. Kila nimwonapo, hilo ndilo linalonijia kwanza, kabla ya bei.

Wajua kwamba taa mwenye mwiba hupimwa upana, si urefu? Mkia hukatika, au mvuvi huukata mapema kwa kuogopa sumu ya mwiba. Kwa hiyo hupimwa kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Taa wa madoa ya buluu, yule mdogo wa mwambani, mara chache hupita sentimita 35. Manta wa bahari kuu huweza kupita mita 6.

Wajua kwamba zamani mkia wa taa ukikauka uligeuzwa mjeledi? Na kwamba sifa, yaani mafuta yaliyopakwa mbao za majahazi, ilitoka kwenye maini ya papa, ndugu yake taa?

Wajua kwamba taa wa mwiba hatagi, huzaa? Kijusi huanza kwa kula kiini cha yai lake mwenyewe. Kikiisha, ukuta wa tumbo la uzazi huota nyuzi laini zinazotoa majimaji mazito yenye mafuta na protini, na mtoto hunywa hayo hadi siku ya kuzaliwa. Hutoka mabawa yamekunjwa, mwiba umefunikwa ala laini ili asimchane mama, naye huanza kujitegemea papo hapo. Mama huishia hapo, malezi hakuna.

Idadi ndiyo inayotisha. Taa wa madoa ya buluu huzaa watoto wasiozidi 7 kwa mimba moja. Manta huzaa mmoja, kisha hupumzika miaka kadhaa kabla ya mwingine. Tewa mmoja hutaga mayai kwa mamia ya maelfu. Bahari ikipoteza tewa wazazi kumi, inaweza kujazia upesi zaidi. Ikipoteza manta wazazi kumi, hao waliopotea hawajaziwi kwa miaka mingi.

Wajua kwamba wapo taa wanaotaga? Hao hawana mwiba wa sumu, na wengi huishi kilindini. Yai lao hukaa ndani ya mfuko mgumu wa pembe nne, kila pembe na kijipembe chake, na mtoto hukaa humo kwa miezi. Mmoja wao, Okamejei heemstrai, anaishi kwenye mteremko wa kilindi cha Afrika Mashariki, mamia ya mita chini. Sayansi ilimpa jina mwaka 1982 tu, kwa heshima ya mtaalamu wa samaki Phil Heemstra.

Wajua kwamba dume humng'ata jike bawa ili amshike wakati wa kujamiiana? Kwa taa mmoja wa pwani ya Marekani, meno ya dume huwa butu kama ya jike kwa sehemu ya mwaka, kisha huchongoka msimu wa kupandana ukifika. Makovu kwenye mabawa ya jike huweza kuwa ishara kwamba ameshakutana na dume.

Wajua kwamba ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale, kule Mkomani, ndiko makao ya KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoanzishwa 1979? Kazi ya kupima na kubainisha jinsia ya samaki wanaovuliwa pwani ni ya watu kama hao, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Uzito wa shehena pekee hausemi kitu kuhusu taa. Kilo mia za vijana na kilo mia za mama wajawazito ni hasara mbili tofauti kabisa.

Kaskazini mwa Mombasa, kwenye ghuba ya Ungwana, tope la mito Tana na Sabaki hulisha kamba, na kamba huvutia matrola. Wavu unaokokotwa chini ya bahari hauchagui, na taa hulala chini. Matrola yalisimamishwa 2006 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wavuvi wadogo, yakarudi 2011 chini ya mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba. Kuna kifaa cha kuokoa kasa kinachofungwa ndani ya wavu: vyuma vilivyopangwa humsukuma nje mnyama mkubwa. Taa mpana hupona kwa kifaa hicho. Yule mdogo hupenya kati ya vyuma na kuishia mfukoni mwa wavu, kwa hiyo kinga inawafikia wakubwa, watoto wanabaki.

Wajua kwamba Ulaya wamelipia kunasa taa wachanga namna hii? Mwaka 1981, mtafiti Keith Brander alieleza katika jarida la Nature jinsi taa mkubwa aliyekuwa wa kawaida kwenye Bahari ya Ireland alivyotoweka humo. Alikuwa mkubwa mno, aliyechelewa kubaleghe, tena aliyenaswa tangu utotoni.

Wajua kwamba taa mjamzito akinaswa huweza kuharibu mimba palepale, kwa mshtuko? Watoto huanguka kwenye sitaha au humohumo wavuni. Akifika sokoni tumbo ni tupu, na anayeandika daftari humwandika jike asiye na mimba.