Kila Mtoto na Binti Yake

Dada yangu alifariki Juni 1981, saa chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Kondo la nyuma lilikwama, damu ikakataa kukatika, na gari la kumkimbiza hospitali halikuwa na mafuta. Mwaka ule mafuta yalikuwa adimu nchi nzima, na sukari na sabuni vilevile. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha. Kesho yake jioni, watu wangali matangani, baba aliniita kando ya migomba. "Mwanangu, utakwenda na mtoto misheni." Nilikuwa na miaka 15.

Walutheri wa kwetu Bukoba walianza na Wajerumani wa Bethel mwaka 1910. Hao walipowekwa kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaja Waswidi kushika kazi. Mzungu aliyetupokea kwenye kituo cha yatima tulimwita sista, ingawa hakuwa Mkatoliki, na Kihaya alikijua kuliko mwalimu wangu wa darasa la saba, aliyetoka kusini.

Sharti lilikuwa moja: kichanga hapokelewi peke yake. Ukoo ulete na binti wa kukaa naye mpaka atembee na kula chakula cha nyumbani, yaani miaka miwili hivi. Sista alimweleza baba kwamba mtoto akilelewa na wageni watupu, siku ya kurudi kijijini hatakuwa na wa kumlilia, na huko hakuna atakayejua alivyokuwa analishwa. Baba alikubali kabla sentensi haijaisha. Mimi sikuulizwa.

Tulikuwa wasichana wengi, kila mmoja na mtoto wa marehemu wake. Kulisha kulikuwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, vikombe viwili kwa kimoja cha maji, na sukari kidogo, ile sukari ambayo nyumbani hatukuwa tumeiona miezi. Chupa zilipigwa marufuku. Chuchu ya mpira haisafishiki ukaridhika, na kuhara humwondoa kichanga upesi kuliko njaa. Kwa hiyo ni kikombe na kijiko, tone kwa tone, wewe unasinzia yeye anakohoa. Alhamisi tuliwatundika kwenye mizani, na alama ya penseli ikipanda kwenye kadi, ungedhani nimefaulu mtihani.

Wageni kutoka Ulaya walipokuja, sista alimbeba mtoto wangu wakapiga picha. Nilitumiwa nakala. Ukingoni mwa picha unaonekana mkono umeshika nepi, ndio mimi. Sista namshukuru mpaka leo, maana bila maziwa yake tungezika wawili. Ila watu wanaposimulia habari za wamisionari na yatima, humtaja aliye katikati ya picha. Usiku alikuwa akilala, na sawa, alikuwa na haki ya kulala. Nilijifunza kushona na kupika uji wa lishe. Cheti sikupewa.

Tulirudi nyumbani 1983. Mwaka huohuo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu, hospitali ya Ndolage. Kabla ya jina hilo, sisi tulisema Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Kufika 1986 ugonjwa ulikuwa umeingia kila mkoa wa Tanzania Bara. Kwetu maiti huzikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na vibanja vikaanza kuwa na makaburi mengi kuliko watu wazima. Bibi mmoja, wajukuu saba. Ni kituo gani kingewatosha?

Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, mwaka 1989, na safari hii huduma ndiyo iliyomfuata yatima kwao. Nami nilikuwa mmoja wa akina mama wa usharika tuliotembelea nyumba hizo, na sare za shule na blanketi kichwani. Nilidhani nitakuta njaa. Mara nyingi nilikuta migomba imebeba na baba mdogo amefika kabla udongo wa kaburi haujakauka, anapima mipaka. Hapo blanketi halisaidii. Tulimwita mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, ikaandikwa kwamba kibanja ni cha watoto.

Nilishaona pia mtoto aliyekaa kituo kingine, cha mbali, bila ndugu hata mmoja, akarudishwa ana miaka minane. Bibi yake alisema naye Kihaya, mtoto akanitazama mimi nimtafsirie. Alipewa ndizi mbichi amenye. Akaishika kama kalamu.

Tangu 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na wazazi wanaishi. Hata vifo vya uzazi vimeshuka: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini mama anayekufa hata leo mara nyingi huacha kichanga, na ukoo bado hutazamana nani aende naye. Hawamtazami kijana wa kiume. Nikiulizwa siku hizi, nasema binti aende, lakini kwanza mchungaji aandike nani atamlipia masomo akirudi.

Mtoto wangu sasa ni fundi mwashi Mwanza. Kila mwisho wa mwezi hunitumia fedha kwa simu: "Mama mdogo, hiyo ni ya sukari." Daktari amenikataza sukari. Nanunua sabuni.