Adui Aliye Moyoni mwa Mtarakwa

Nguzo ya mtarakwa huwashinda mchwa. Ndiyo maana wafugaji na wakulima wa nyanda za juu wameipenda tangu zamani kwa kujengea nyua. Mbao za mti huo, ambao wanasayansi huuita Juniperus procera, zilitumiwa pia kutengenezea penseli wakati wa ukoloni. Lakini mtarakwa nao una adui: kuvu iitwayo Pyrofomes demidoffii.

Je, msomaji, utaitambuaje? Ukiwatembeza watoto katika msitu mkavu wa kaskazini mwa Mlima Kenya, upande wa Timau huko Meru, chunguza mashina ya mitarakwa mikongwe. Usitafute uyoga wenye mwavuli. Kuvu hii hujitokeza ubavuni mwa mti mfano wa ukwato wa farasi, nayo ni ngumu kama ubao. Ikiwa changa, mgongo wake huwa wa kahawia. Ikizeeka huwa mweusi na kupasukapasuka. Chini ina vitundu vidogo vinavyomwaga chembe za uzazi, laini kama vumbi. Ukiokota kipande kilichoanguka, kivunje. Ndani ni chekundu kama tofali, na hiyo ndiyo alama kubwa.

Upande wa Embu mvua ni nyingi, na huko mti uliovuma ni mkafuri. Ukiona uyoga mgumu kwenye msaiprasi wa bomani, usikimbilie kuupa jina hili, kwani kuvu hii hushikamana na jamii ya mtarakwa.

Huingiaje? Chembe zake hupeperushwa na upepo, zikatua penye jeraha: tawi lililovunjika au gome lililoungua. Kisha kuvu hula kiini polepole, ikiacha vishimo vyenye utando mweupe, hata shina likawa tupu. Nje majani yangali mabichi! Kwa hiyo ukwato unapoonekana, ujue kazi imefanyika ndani kwa miaka mingi. Kuubandua hakuponyi mti.

Kinga ni kutoujeruhi mti. Warina asali wasiwashe moto shinani, na wanafunzi walio matembezini wasivunje matawi wala kuchonga majina yao kwenye gome. Tena, msipige hema chini ya mtarakwa wenye ukwato huo, kwani upepo mkali waweza kuuvunja. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.