Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni: vidonge hivi vimepimwa?

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Bandarini Rumonge watu wanabeba mizigo tangu alfajiri: bidoni za mawese, magunia ya ndagala. Nanyi mlioko kambini, wengi mlivuka ziwa na vifurushi mgongoni. Leo tunazungumzia maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka mguuni, yakichoma kama moto. Dada muuguzi, yanatoka wapi?

MUUGUZI: Kati ya pingili za mgongo kuna diski, kama mito laini. Moja ikitokeza nje, inabana neva, yaani mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

MTANGAZAJI: Je, mtu auze mgao wake wa chakula ili anunue vidonge vya pregabalini sokoni?

MUUGUZI: Asiuze. Dawa hiyo ilipimwa kwa wagonjwa wa maumivu haya huko Sydney, Australia, na matokeo yakatangazwa 2017. Wagonjwa 209 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa pregabalini, jingine vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Wagonjwa na madaktari wao hawakujua nani anameza nini.

MTANGAZAJI: Kwa nini wafichwe?

MUUGUZI: Kwa sababu maumivu haya mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukimeza kidonge ukapata nafuu, utakisifu kidonge. Bila kundi la pili, hujui kama kweli ndicho kilichosaidia. Baada ya wiki 8, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na waliomeza pregabalini hawakuwashinda wenzao. Tena wao ndio walipata kizunguzungu zaidi. Fikiria kizunguzungu ukiwa juu ya mchikichi, au mtumbwini!

MTANGAZAJI: Kwa hiyo dawa hiyo haifai kabisa?

MUUGUZI: Inasaidia maumivu mengine ya neva, kama yale ya kisukari. Aliyeandikiwa na daktari asiiache ghafla; arudi kwake kwanza.

MTANGAZAJI: Na mwenye maumivu afanye nini?

MUUGUZI: Asilale kutwa. Atembee kidogo kidogo, apunguze mizigo, aende kituo cha afya. Akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa na kukonda, apimwe kifua kikuu. Kinaingia hata kwenye mifupa ya mgongo.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, mweleze na jirani asiye na redio.

(Muziki)