Kufundisha Aina za Mbao: Somo Tulilolipata kwa Waunda Vyombo wa Chole

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi somo la aina za mbao, na miti zinakotoka, linavyoweza kufundishwa katika shule za pwani pasipo kuwafanya watoto waukane ujuzi wa nyumbani kwao. Hatuandiki kama mafundi seremala. Twaandika kama wakufunzi waliokosea, na ambao kosa lao ndilo lililowapeleka Chole.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mwanachuo wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kisiwani Mafia alitoa jaribio la sayansi. Swali la nne lilisema: "Taja miti mitatu itupatiayo mbao." Mtoto mmoja akaandika mwembe, mkorosho na mtondoo. Mwanachuo akamtilia alama tatu za kosa kwa wino mwekundu, kwani mwongozo wake ulitaja mninga, mvule na mkongo. Sisi tuliokwenda kumkagua tuliupitia usahihishaji ule, tukauona sawa, tukatia sahihi. Daftari liliporudishwa mtoto hakubisha. Alisema tu, tena kwa adabu, "Lakini mwalimu, mashua ya babu ni ya mwembe." Darasa likacheka. Mwanachuo akatugeukia sisi, nasi hatukuwa na jibu. Kwa siku zote zilizosalia za ukaguzi wetu mtoto yule hakunyoosha mkono tena.

Mashua ya babu yake ilikuwa imeundwa Chole. Basi siku ya Jumamosi tukaenda Utende pamoja na mwanachuo, tukavuka kwa chombo hadi Chole ili tujionee.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona, yafaa tuchunguze kwanza chanzo cha kosa, maana hakikuwa uzembe. Lugha yetu wenyewe hutupotosha kidogo. Kiswahili huuita mti kwa tunda lake: embe hutoa mwembe, fenesi mfenesi, korosho mkorosho, nazi mnazi. Mtoto, na mwalimu pia, akisikia jina hilo huona kwamba kazi ya mti ule imekwisha kutajwa. Mninga na mvule, kwa kuwa majina yake hayadokezi tunda lolote liliwalo, huwekwa upande wa pili. Hivyo hupatikana ule mgawanyo wa ubaoni tuuzoeao, "miti ya matunda" kushoto na "miti ya mbao" kulia, kana kwamba mti ukizaa hauna shina. Mgawanyo huu ni wa matumizi, nao si vibaya kuutumia, lakini mara nyingi twaufundisha kama kwamba ni wa maumbile.

Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, chenye minazi, miembe na mibuyu, na magofu ya nyumba za mawe. Wajerumani, walipoichukua Mafia mwaka 1890, waliweka makao yao hapo kwanza. Msomaji akiingia katika gofu lolote la mji wa Waswahili, liwe la Chole au la Kua katika kisiwa jirani cha Juani, ataona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni mti. Dari la nyumba ya mawe lilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko iliyo imara haivuki nafasi pana. Basi upana wa sebule ya tajiri ulipimwa na mti uotao matopeni. Hili pekee latosha kuwa kipindi kizima cha somo.

Ufukweni tulikuta mashua moja ikiundwa, ikiwa imesimama juu ya magogo, nusu yake bado mifupa mitupu. Fundi mkuu, mzee wa makamo, alikuwa akichonga kwa tezo. Tulipokwisha kuamkiana naye, mwanachuo alimwuliza swali lile lile la jaribio: "Mzee, ni miti gani itoayo mbao?"

Fundi aliiweka tezo chini. "Mbao za kufanyia nini, mwanangu?"

Tunaomba walimu walitafakari swali hilo, kwa kuwa ndilo lililokosekana katika jaribio letu. Kwa fundi hakuna mti mwema wala mbaya kwa jumla. Kuna mti ufaao mkuku, mti ufaao mataruma, na mti ufaao mlingoti, na ule ufaao hapa huenda usifae pale.

Mkuku, yaani ule mti mrefu ulazwao chini kabisa ambao ni uti wa mgongo wa chombo, wataka gogo refu, lililonyooka, gumu, lisilooza upesi. Mashua ile ilikuwa na mkuku wa mvule, ambao ulinunuliwa bara. Mbao za ubavuni zataka mti usiopindapinda ukauke vipi. Hapa mninga husifiwa sana, nao hupatikana katika misitu ya bara, pamoja na ile ya Rufiji inayokabili Mafia. Mninga ni rahisi kuutambulisha darasani: ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni la mviringo, lenye ukingo mpana na miiba katikati. Sifa yake kubwa ni kwamba hausinyai sana. Mbao zote husinyaa zikauka, tena husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Lakini mninga husinyaa kidogo tu, na ndiyo sababu maseremala huupenda kwa milango na makabati. Bei yake nayo yajulikana. Kwa hiyo baadhi ya mbao za ubavuni za mashua ile zilikuwa za mwembe, kama mtoto alivyosema, na fundi hakuona aibu yoyote juu yake. Alituambia kwamba mwembe hauishi miaka mingi kama mninga, lakini wapatikana hapa hapa, ni mpana, na wapasuliwa bila taabu.

Jambo lililotushangaza zaidi ni mataruma, yaani zile mbavu za chombo. Tulidhani ubao hunyooshwa, kisha hukunjwa kwa moto au hukatwa kwa duara. Sivyo. Taruma hutafutwa likiwa bado mtini. Fundi huzunguka akitazama matawi na viwiko vya miti, na akiona tawi lililopinda kama ubavu wa chombo, hulijua kuwa ni taruma. Sababu yake ni ya kisayansi kabisa. Nyuzi za mti hufuata umbo la tawi. Ukikata umbo la upinde kutoka katika ubao ulionyooka, nyuzi zitakatika njiani, na hapo ndipo taruma litakapovunjika chombo kipigwapo na wimbi. Ukichukua tawi lililojipinda lenyewe, nyuzi zapita zima kutoka ncha hadi ncha.

Ndiyo maana mkorosho na mtondoo ni miti ya heshima kwa waunda vyombo. Mkorosho, ambao Wareno waliuleta kutoka Brazili, hautoi mbao ndefu, kwa kuwa shina lake ni fupi na matawi yake hutambaa. Kwa seremala wa vitanda huo ni upungufu. Kwa mwunda mashua ndiyo thamani yake. Mtondoo, ambao wataalamu wa mimea huuita Calophyllum inophyllum, huota karibu na maji, na shina lake aghalabu huinama kuelekea baharini. Nyuzi zake zimesukana, hivyo haupasuki upesi. Tunda lake la duara huelea, na hivyo mti huu umesambaa katika pwani za Bahari ya Hindi na kwingineko. Mtoto wetu, basi, alikuwa ametaja ubavu na mataruma ya chombo kizima, nasi tukampa sifuri.

Kuhusu mikoko tutasema machache, ingawa ni habari pana. Jina "mikoko" hutumika kwa miti yote ya matopeni, na papo hapo "mkoko" ni jina la mti mmoja miongoni mwayo, wenye mizizi isimamayo kama miguu ya buibui, yaani Rhizophora mucronata. Mwalimu asipotenganisha maana hizi mbili darasa litachanganyikiwa. Wamo pia mkandaa, utoao boriti na fito za nyumba za udongo na maganda ya kutilia ngozi rangi, msindi, mchu, mkomafi, na mlilana, ambao mafundi wa Lamu huupenda kwa mataruma. Boriti kutoka Rufiji, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Tanzania, zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Leo mikoko ni hifadhi, na Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Mwalimu asiwatume watoto kukata vielelezo matopeni. Vipande vilivyotupwa penye ujenzi vyatosha.

Majina hutatiza hata nje ya mikoko. Mkongo ulioandikwa katika mwongozo wetu ndio ule ule ambao mahali pengi pa pwani huitwa mbambakofi, na mwanafunzi akiyaandika majina yote mawili hajataja miti miwili. Mkungu ni mti wenye kivuli na mbao, nao mkungu wa ndizi ni jambo jingine kabisa. Yafaa mwalimu aandike jina la kijijini kwanza, kisha la kitabuni, na pasipo hakika amwonyeshe mwenyeji jani.

Sasa tuje kwenye maneno "mbao ngumu" na "mbao laini", ambayo yameharibu vipindi vingi. Vitabu vya Ulaya huita laini mbao za miti jamii ya msindano, kama ile ipandwayo Sao Hill, na huita ngumu mbao za miti yenye majani mapana. Mgawanyo huo hufuata aina ya mti na muundo wa ndani wa ubao. Haufuati ugumu wa mkononi. Kwa kanuni hiyo mbuyu, ambao shina lake kisu hupenya, na msufi, ambao ni mwepesi mno, huhesabiwa pamoja na mpingo, ambao huzama majini kama jiwe. Mtoto aliyeshika vyote viwili hawezi kuamini, wala hana kosa. Kwa shule ya msingi tungependelea kuacha maneno hayo na kupima.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Fundi alitupa vipande vya mabaki, nasi tukavichonga vikawa na unene sawa wa sentimeta 4. Kila kipande huwekwa juu ya maji kikiwa kimelala, kikatiwa alama ya penseli mahali maji yafikapo, kisha hupimwa kwa rula. Kikizama sentimeta 2.5 kati ya 4, basi uzito wake ni 2.5 kwa 4, yaani sehemu tano katika nane, za uzito wa maji ya ujazo ule ule. Hapo sayansi na hesabu zimekutana bila kulazimishwa. Msufi utaelea juu sana. Mkoko mkavu utabakiza sehemu ndogo tu, na mbichi huenda ukazama kabisa. Kisha vipande vibichi vianikwe kivulini, vipimwe upya kila wiki, na watoto watajionea wenyewe kwa nini fundi hakubali kuunda kwa ubao ambao haujakauka. Onyo moja: msipime kipande kilichokwisha kulowa tangu jana. Sisi tulifanya hivyo, tukapata majibu ya ajabu.

Vile vile tuwe waangalifu na ile kauli kwamba pete za gogo huonyesha umri wa mti. Ni kweli katika nchi za baridi, ambako mti hulala majira ya theluji. Kwetu, penye masika na vuli, mti huenda ukafanya pete mbili kwa mwaka mmoja au usifanye iliyo dhahiri. Mnazi hauna pete hata moja. Nyuzi zake zimetawanyika shinani, ngumu kandoni na laini katikati, na ndiyo sababu ubao wa mnazi hukatwa upande wa nje.

Jumatatu mwanachuo alilirudisha daftari la yule mtoto likiwa na alama tatu za sahihi, akalieleza darasa kwamba aliyekosa alikuwa mwalimu, pamoja na mkaguzi wake. Tulikuwa tumeketi nyuma, na tukakubali kwa kichwa. Kisha akachora jedwali ubaoni: jina la mti, mahali uotapo, sehemu ya chombo, na sababu. Watoto walilijaza kwa dakika chache kuliko tulizotenga.

Yule mtoto alinyoosha mkono akaomba iongezwe safu ya tano, "Mwenyewe ni nani?" Tulimwuliza kwa nini. Akasema babu alipotaka mwembe ilimbidi asubiri, kwa sababu shamba lilikuwa la mtu mmoja na mwembe wa mtu mwingine, na mwenye mwembe hakutaka kuuza kabla ya maembe ya msimu ule kuisha. Mwanachuo akachora safu ya tano.